Kauboi Mmoja, Kaseti Mbili

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa ningetaka kujisifu sababu ninazo. Niliingia Eldoret na shati moja na viatu vya kuazima, darasa la nne nimeliacha katikati kwa sababu baba aliona ng'ombe wana haraka kuliko masomo. Nikabeba magunia ya mahindi mpaka shingo ikaota sugu. Nikatandika gunia kando ya barabara nikauza misumari kwa kupima na kiganja. Leo mtu akijenga kuanzia Munyaka mpaka Kesses, muulize mabati katoa wapi. Wakati mmoja lori langu la simiti lilinyeshewa, mifuko yote ikawa mawe. Mwingine angelia. Mimi niliyauza yale mawe kwa mtu aliyekuwa anajaza shimo shambani kwake, na akanishukuru.

Mtu kama huyo utamshangaza na nini? Lakini kuna mwanamke mmoja aliyeninyima raha kwa muda mrefu, na simsemi mke wangu. Huyo mwanamke nilikuwa hata sijamwona. Alikuwa ndani ya kaseti ya mwanyumba wangu.

Mwanyumba ni mwanamume aliyeoa dada ya mke wako. Mimi nilioa mkubwa, yeye akaoa mdogo. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha nguo, mtu wa kidato cha nne, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni kana kwamba moja ingekufa njiani. Alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Kapsoya. Mimi nyumba yangu pale Munyaka ni ya kwangu, niliijenga kwa mabati yangu mwenyewe, na sebule yake unaweza kuingiza pikipiki ukaigeuza. Nayataja haya ili msomaji ajue tulikuwa wapi kila mmoja kabla mambo hayajaanza.

Ilikuwa ile miaka watoto walikuwa wakipewa maziwa shuleni, picha ya Rais inaning'inia kila duka, na stesheni ya televisheni ni moja tu, habari zake unazijua kabla hazijasomwa. Mwenye deki ya video hakuwa mtu mdogo. Katika mstari wetu wa nyumba mimi nilikuwa wa kwanza. Nilipoenda Nairobi kuleta mabati nilirudi na deki juu ya mabati, imefungwa na blanketi kama mgonjwa, na kaseti moja. Kaseti ya kauboi. Muuzaji aliniambia ni ile ya zamani, ile kubwa, ambayo dunia nzima iliiona kwenye majumba ya sinema kabla yetu. Sikununua ya pili. Kitu kikiwa kizuri unaongeza kingine cha nini?

Wacha niwaeleze hiyo filamu, kwa sababu kila kitu kimesimama juu yake. Kuna steringi, yaani shujaa mwenyewe, mzee wa makamo, ana farasi mweusi. Anarudi mji wao wa zamani, mji wa mbao na vumbi, na anakuta mdogo wake amechukua kisima cha watu wote na kuweka walinzi wenye bunduki. Mtu haoni maji bila kulipa. Huyo mdogo wake ana mke, mwanamke mwembamba ambaye hazungumzi, na mtoto wao alizikwa kiangazi kilichopita. Mwishoni ndugu wawili wanasimama kisimani, uso kwa uso. Mkono wa steringi uko karibu na kiuno lakini hajachomoa. Mara mlio mmoja, paa! Mdogo mtu anaanguka. Steringi bunduki yake bado iko kiunoni. Anageuza shingo, anatazama upande wa kulia muda mrefu sana, halafu anavua kofia, anaivaa tena, anapanda farasi, anaenda. Mwisho.

Sasa, nani alipiga? Kwenye kaseti yangu steringi alikuwa anatazama ukuta wa mbao. Hapakuwa na mtu. Kiingereza changu ni cha kununua na kuuza, na hao makauboi wanaongea kama wana mawe mdomoni. Kwa hivyo nilikaa nikafikiri na kichwa changu, nikaamua: ni sherifu. Sherifu alikuwa juu ya paa. Hivyo ndivyo nilivyowatangazia watu, na hakuna aliyenipinga.

Isipokuwa mmoja, na huyo ndiye nilikuwa namtangazia hasa.

Mama mkwe wangu ni mjane. Alikuwa amekuja kutoka kwetu magharibi kutibiwa mguu, akakaa kwa mwanawe wa kiume, kitinda mimba, aliyepanga nyumba hatua chache kutoka kwangu. Kwangu asingelala. Kwetu sisi, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Mgeni akisikia hivyo anafikiri ni chuki. Hapana. Ni heshima iliyo nzito sana, ndiyo maana inabebwa kwa mbali. Wengi mjini wameilegeza. Mimi siku hizo sikuilegeza hata kidogo.

Lakini nilimtaka aje nyumbani kwangu Jumapili. Nilitaka aone. Alipowapa wazee ruhusa nimwoe binti yake nilikuwa mtu wa gunia la misumari, na nasikia alisema, "Sawa, huyu atakula nini?" Nilitaka akae katika nyumba yangu apate jibu.

Kwa hivyo nikatumia akili. Mlango wa chumba cha nyuma unatazamana na televisheni. Nikatundika pazia mlangoni, nikalifunga nusu. Mama akawa anakaa chumba cha nyuma, kwenye kiti chenye mto, mguu juu ya stuli, anatazama kupitia ile nusu iliyo wazi. Mimi kiti changu nikakiweka sebuleni upande wa nusu iliyofungwa. Yeye anaona kauboi, mimi naona kauboi, hatuonani. Na kwa kuwa Kiingereza hajui, nikawa namtafsiria. Sikumwambia yeye, maana haifai. Nilikuwa naiambia televisheni. "Sasa steringi anauliza, nyinyi watu, maji ya Mungu mnayauza vipi?" Na kutoka nyuma ya pazia nasikia, "Muulize mkwe, huyo farasi amekunywa?" Mke wangu ananigeukia, "Mama anauliza farasi amekunywa?" Nami naiambia televisheni, "Farasi atakunywa karibuni, asiwe na wasiwasi."

Hivyo ndivyo tulivyoongea, mimi na mama mkwe wangu. Hatukuwa na njia nyingine. Nilikuwa nangojea Jumapili kama mtu anayengojea mvua.

Tulibishana juu ya jambo moja tu. Kila tukifika kisimani, paa! Nami natangaza, "Sherifu huyo, juu ya paa."

"Mwambie mkwe si sherifu," inasema ile sauti. "Ni mke wa marehemu."

"Mama anasema ni mke."

"Mwanamke hashiki bunduki ya kauboi," naiambia televisheni. "Hayo mambo Mama hayajui."

"Mwambie sherifu hakuzika mtoto."

Watu wanacheka, nami nacheka. Nilikuwa na raha. Sikujua nilikuwa na raha mpaka ilipoondolewa.

Kulikuwa na mzungu wa kiwanda aliyekuwa akirudi kwao, anauza vitu vya nyumba. Mwanyumba akapata deki, televisheni ndogo, na kaseti. Jumamosi moja akaja dukani kwangu na ile kalamu ya pili mfukoni.

"Mwanyumba," akasema, "unajua ile filamu yako? Nimepata yenyewe."

"Yenyewe gani? Yenyewe ni yangu."

"Yako ni kopi, ndugu yangu. Hii ni orijino, ina kasha lenye maandishi. Nimemwambia Mama aje kesho aone kitu safi."

Nilikuwa napimia mtu waya. Nilikata pabaya, na huo waya haujauzwa mpaka leo.

Kesho yake mama mkwe alipelekwa Kapsoya kwa teksi. Kwa teksi! Kwangu alikuwa anakuja kwa miguu, na mimi nilifikiri ni kwa sababu ya mapenzi. Mke wangu alienda naye. Mimi nilikaa sebuleni peke yangu, nikaweka kaseti yangu, nikaona hata sina la kuiambia televisheni.

Mke wangu aliporudi hakuwa amevua hata kitambaa nikamuuliza, "Alikaa wapi?"

"Nani?"

"Unajua nani."

"Kwenye sofa."

"Sofa ya sebuleni? Na mwanyumba?"

"Alikuwa nje barazani anasoma gazeti. Aliweka kaseti akatoka, akasema Mama awe huru."

Awe huru! Mimi nimepanga pazia kwa vipimo, na mtu anatoka tu nje na gazeti lake, tayari yeye ndiye mkwe mwema.

"Na hiyo filamu?"

"Ni ileile, Baba watoto. Lakini ina kitu cheusi juu na kitu cheusi chini. Picha iko katikati, nyembamba."

Niliketi. Halafu nilicheka mpaka nikakohoa. "Amekatiwa! Mzungu amemuuzia filamu iliyokatwa kichwa na miguu! Na yeye ana kidato cha nne!"

"Baba watoto, kuna kitu kingine."

"Hakuna kingine. Amekatiwa."

Sikumpa nafasi. Wiki ile nzima kila aliyeingia dukani alisikia. Nilikuwa nauza kufuli na habari. Fundi wa viatu jirani yangu alikuwa anapita kwa makusudi aniambie, "Mzee, vipi ile filamu ya nusu?" na mimi naanza upya kwa furaha. Yale maneno yalifika Kapsoya, kama nilivyotaka yafike, na Jumapili iliyofuata mwanyumba akaja kwangu mwenyewe na kaseti yake mkononi, na mke wake, na Mama pia ameletwa, tayari ameketi nyuma ya pazia. Mwanyumba, kwa sababu naye ni mkwe, alikaa kwenye sofa iliyo ukuta mmoja na ule mlango, mahali Mama hawezi kumwona. Majirani walijaa.

"Umesema nimeuziwa nusu," akasema mwanyumba. "Tuziweke zote mbili hapa, kwa deki yako, kwa televisheni yako. Watu waone."

"Waone," nikasema. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilitoa mfukoni tepu yangu ya kupimia, ile ya chuma. Karani anahesabu karatasi, mimi napima vitu.

Tukaweka yangu kwanza, tukafika kisimani, nikasimamisha picha. Picha imejaa kioo chote. Nikapima kofia ya steringi: inchi nne. Nikamwonyesha kila mtu. Tukaweka yake. Kweli, kipande cheusi juu, kipande cheusi chini. Nikapima: inchi mbili na nusu juu, inchi mbili na nusu chini. Kofia ya steringi: inchi mbili na kidogo.

"Mmeona?" nikasema. "Inchi tano zimeibiwa. Kofia imerudi nusu. Huyu si kauboi, huyu ni mtoto wa kauboi."

Watu walicheka sana. Mwanyumba hakucheka, wala hakukasirika, na hilo lilianza kuniudhi. Akasema, "Mwanyumba, kisima chako kina nguzo ngapi?"

"Kisima?"

"Rudisha yako."

Tukarudisha. Nguzo moja, ile ya kushoto. Tukaweka yake. Nguzo mbili, na paa la kisima katikati, na huko kulia mwishoni kabisa, kando ya birika la kunyweshea farasi, pale ambapo kwangu pana ukuta wa mbao, amesimama mwanamke. Mdogo kama kiberiti. Ana bunduki ndefu begani, na mdomo wa bunduki una moshi.

Nikainama. Nikaweka hata tepu, sijui nilitaka kupima nini.

Kutoka nyuma ya pazia ilikuja ile sauti, taratibu. "Nilisema."

"Mama anasema alisema," mke wangu akaniambia, kana kwamba sikusikia.

"Ndicho nilichotaka kukwambia ile Jumapili," akaongeza kwa sauti ya chini. "Ukasema hakuna kingine."

Fundi wa viatu, ambaye mdomo wake siku moja utamponza, akasimama. "Jamani tupige kura ya mlolongo! Anayeshikilia sherifu apange nyuma ya Mzee. Anayeshikilia mwanamke apange nyuma ya Karani. Hakuna kura ya siri hapa!"

Wakapanga kweli, wakicheka, ndani ya sebule yangu, wakikanyaga zulia langu. Nyuma yangu alisimama mtu mmoja, na huyo alikuwa na deni la mabati. Nyuma ya mwanyumba mstari ulitoka mpaka nje ya mlango. Mke wangu alibaki katikati akijifanya anatafuta vikombe. Halafu watu wakaanza kupiga kelele wakionyesha chini. Kutoka chini ya pazia ilikuwa imetoka fimbo ya mama mkwe wangu. Ilisogea polepole sakafuni kama nyoka aliyeshiba, ikapita upande wangu, ikaelekea kwenye sofa, ikatulia ikimwelekea mwanyumba.

Tangu siku hiyo Jumapili zilikuwa za Kapsoya.

Sitaki kusema nilikuwa na wivu. Sawa, nitasema. Wivu ulinikaa hapa, chini ya mbavu, kama kipande cha chapati kavu. Nikiona teksi yoyote inapita kuelekea kule, nilikuwa natazama kama ndani kuna mguu juu ya kiti. Nilikuwa namuuliza mke wangu maswali ya kuzunguka. Kule huwa wanapika nini? Kule nani anamtafsiria?

"Hakuna. Anatazama tu."

"Hata shemeji yako hamwambii maneno?"

"Anasema filamu nzuri haihitaji kelele."

Kelele! Lakini neno moja nililishika. Mke wangu alisema Mama analalamika macho. Televisheni ya kule ilikuwa ndogo, na ile picha nyembamba ndani yake ilikuwa kama kuchungulia chini ya mlango. Nikakaa na hilo neno usiku na mchana, na akili yangu, ile iliyouza mawe ya simiti, ikaamka.

Nilifikiri hivi. Kofia yangu ni inchi nne, yake ni mbili. Maana yake picha yangu ndiyo kubwa. Yake ni ndogo, ndiyo imetoshea kwenye kioo pamoja na mwanamke. Yangu ni kubwa mno, imemwagika nje ya kioo, na mwanamke amemwagika nayo. Mimi nakata vioo vya madirisha kila siku. Mteja akija na kioo kikubwa kuliko fremu, mjinga atakata kioo. Fundi atatengeneza fremu kubwa. Mwanamke wangu yupo. Anangoja tu televisheni yenye nafasi.

Nilipoenda Nairobi safari iliyofuata sikuleta mabati. Nilileta televisheni ya inchi ishirini na sita, yenye kabati la mbao iliyong'arishwa na milango miwili ya kufungwa na ufunguo. Ilibebwa na wanaume wanne. Mtaa mzima wa Munyaka ulitoka nje. Nilitembea mbele yake polepole, ili hata waliochelewa waione. Ile ya zamani niliipeleka chumba cha watoto.

Nikatuma habari Kapsoya: Jumapili, kwangu, kaseti yangu, na mwanamke ataonekana mkubwa kama binadamu. Mama akaja. Alikuja kwa miguu, nikamwona dirishani kwa nyuma, na fimbo yake, na nikageuka haraka kama inavyopasa, lakini nilikuwa nimefurahi mpaka nikagonga kona ya meza.

Tulitazama tangu mwanzo. Nilitafsiri kuliko siku zote. Farasi mweusi alikuwa mkubwa kama farasi. Tukafika kisimani. Ndugu wawili uso kwa uso. "Sasa," nikaiambia televisheni, "tazameni kulia."

Paa!

Steringi akageuza shingo. Alitazama ukuta wa mbao. Nguzo moja, ileile ya kushoto. Kofia sasa ilikuwa zaidi ya inchi tano, na misumari ya ule ukuta ungeweza kuihesabu, misumari mizuri, ningeweza kukwambia ni ya saizi gani. Mwanamke hakuwepo.

Nilienda nikachungulia pembeni mwa kioo, pale kinapoingia kwenye mbao. Nikafungua milango ya kabati zaidi, ingawa ilikuwa imefunguka yote.

"Mwambie mkwe," sauti ikasema, na haikuwa na ubaya, "filamu ni ileile. Imenenepa tu."

Walicheka mpaka nje. Mwanyumba alikuwa kwenye sofa, amekunja mguu. Akasema, "Mwanyumba, nafikiri waliotengeneza kaseti yako ndio walikata pembeni, ili kioo kijae. Hakuna televisheni itakayomrudisha." Akasema kwa upole. Ule upole ndio uliniuma. Angenicheka ningejua la kufanya.

Nilikaa siku kadhaa bila kuifungua ile milango ya kabati. Halafu nikaenda Kapsoya kwa miguu yangu, nikamkuta barazani na gazeti.

"Nataka ile kaseti."

"Chukua tu, mwanyumba. Urudishe ukimaliza. Sisi si tumeoa nyumba moja?"

"Mimi siazimi. Taja bei."

"Nikuuzie mwanyumba wangu kaseti?"

"Taja bei, bwana."

Alikunja gazeti. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba karani naye anajua biashara. Akataja bei ambayo yule mzungu wake mwenyewe angeona haya kuitaja. Nililipa hapohapo, noti juu ya gazeti, bila kuomba apunguze. Sijawahi kununua kitu bila kuomba kipunguzwe, wala kabla wala baadaye.

Jumapili hiyo sikualika mtu, lakini walijaa. Mwanyumba na mke wake walikuja wa kwanza wakakaa kwenye sofa, ndiyo heshima ya mgeni. Kaseti ikaanza. Vipande vyeusi juu na chini, lakini katika kioo kile kikubwa picha ilikuwa pana kama barabara. Nikaanza kutafsiri. Tulikuwa hatujafika mbali mke wangu akanigeukia.

"Mama anasema pazia linamkatia upande wa kulia."

Ni kweli. Kioo kipya kilikuwa kipana kuliko nusu ya mlango, ila kwenye kaseti yangu kulia palikuwa na ukuta tu, hakuna aliyelalamika. Na upande wa kulia ndipo alipo mwanamke.

"Lifungue lote," nikasema.

"Na wewe?"

Pazia likifunguliwa lote kiti changu kinaonekana. Nikainuka. Sofa imejaa: mwanyumba, mke wake, fundi wa viatu, na wengine wamekaa mpaka kwenye mikono yake. Ukuta wote wa upande ule ulikuwa watu. Mahali pekee palipobaki ambapo Mama asingeniona ni kwenye kona, kando ya televisheni yenyewe, ubavuni mwake. Nikachukua stuli ya jikoni nikakaa pale, bega langu kwenye lile kabati la mbao nililolinunua. Mke wangu akavuta pazia lote.

Kutoka pale sikuona kitu ila ukingo wa kioo uking'aa, na nyuso za watu wote zikiwa zimeelekea upande wangu lakini hazinitazami mimi. Nikaendelea kutafsiri kwa kusikia tu. Sauti za farasi, milango ya mbao, sarafu mezani. Niliijua yote. "Sasa anauliza, maji ya Mungu mnayauza vipi? Sasa farasi anakunywa." Nikasikia Mama akicheka kidogo kule ndani. Kicheko hicho hakikwenda Kapsoya. Kilikuwa changu.

Tukafika kisimani. Upepo ukavuma kwenye kaseti. Hapo nikanyamaza, kwa sababu kilichofuata mimi sikuwahi kukiona kikitembea, nilikiona siku moja tu kikiwa kimesimamishwa, kidogo kama kiberiti.

"Mkwe."

Hakusema "mwambie mkwe." Alisema "mkwe." Mke wangu alifungua mdomo anigeukie, akakuta hakuna la kunifikishia.

"Mkwe wangu, mbona umenyamaza? Humwoni?"

"Simwoni, Mama," nikasema, nikiuangalia ukuta. "Nimekaa ubavuni mwa televisheni."

"Basi tulia nikwambie." Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu mara moja, kama mtu anayejiweka sawa. "Ametoka nyuma ya birika. Anatembea polepole, ana shuka ya mtoto kiunoni, hiyo wewe hukuijua. Bunduki ni nzito kwake. Ameinua. Hao wanaume wawili hawamwoni, wanatazamana wenyewe kwa wenyewe."

Paa!

"Huyo amelala," akasema mama mkwe wangu. "Sasa mkubwa wake anamtazama. Wanatazamana. Hajamwambia kitu. Anamvulia kofia, mkwe. Kumbe ile kofia alikuwa anamvulia yeye."

Nilimwona yule mwanamke vizuri sana kutoka pale kwenye kona, kuliko mwanyumba pale kwenye sofa yangu. Televisheni na kaseti, vyote pamoja, vilinigharimu shilingi elfu ishirini na saba, mia nane na hamsini.